Camões na Watu wa Mombasa

Mjini Malindi, juu ya mwamba unaopigwa na mawimbi, iko nguzo nyeupe yenye msalaba wa jiwe. Wanafunzi wengi wa Kenya wamepata kupelekwa kuitazama, na aghalabu huambiwa habari moja tu: kwamba ni ukumbusho wa Vasco da Gama, nahodha Mreno aliyetia nanga pale Aprili 1498 akiwa njiani kwenda Bara Hindi. Lakini safari ile ina ukumbusho mwingine ambao haukujengwa kwa mawe wala hauhitaji kupakwa chokaa. Ukumbusho huo ni utenzi mkubwa uitwao Os Lusíadas, yaani Wana wa Luso, uliopigwa chapa Lisbon mwaka 1572. Mtunzi wake ni Luís de Camões, ambaye Wareno humhesabu kuwa shaha wa washairi wao wote. Katika utenzi huo Malindi imepata sifa ambazo miji michache ya Afrika imepata kusifiwa katika vitabu vya Ulaya, na Mombasa imeshutumiwa vikali.

Mwanafunzi mmoja, mzaliwa wa Mji wa Kale wa Mombasa, alipata kuniuliza swali ambalo sikuweza kulijibu siku ile. Nilikuwa nimemaliza kueleza darasani jinsi utenzi huo ulivyopangwa, naye akasimama akasema, "Mwalimu, mtu huyu amewafanya babu zetu kuwa wadanganyifu na wasaliti. Kwa nini tumsome?" Nilimjibu kwa haraka kwamba ushairi mzuri ni mzuri popote. Akanyamaza kwa adabu, kama wanyamazavyo vijana waonapo kwamba mwalimu amewakwepa. Insha hii ni jibu ambalo lilinipasa kumpa siku ile.

Natuanze na mtu mwenyewe. Camões alizaliwa karibu na mwaka 1524, katika ukoo uliokuwa na heshima kuliko mali. Elimu yake ilikuwa kubwa, maana visa vya Warumi na Wayunani vimetapakaa katika kazi yake kama mchanga pwani. Ujanani alikwenda vitani Ceuta, katika pwani ya kaskazini ya Moroko, na huko akapoteza jicho lake la kulia. Picha zake humwonyesha na jicho moja limefumba. Aliporudi Lisbon hakutulia. Mwaka 1552, siku ya sikukuu, aliingia katika ugomvi barabarani akamjeruhi mtumishi wa nyumba ya mfalme, akatiwa gerezani. Mwaka uliofuata alisamehewa, na mara akapanda merikebu kwenda Goa kuwa askari. Basi, mtu ambaye leo ni fahari ya taifa aliondoka kwao kama mtu anayeondoshwa.

Alikaa pande za mashariki miaka kumi na sita hivi, akipigana, akidaiwa, akitunga. Katika safari moja merikebu yake ilivunjika karibu na mlango wa mto Mekong, na hadithi yasema kwamba aliogelea kwa mkono mmoja, na kwa mkono wa pili akaziinua karatasi za utenzi wake juu ya maji. Walimu hupenda sana kisa hicho, wala mimi sina nia ya kuwanyima furaha yao. Lakini nipendacho zaidi ni kisa kingine kisicho na mawimbi, kilichosimuliwa na mtu aliyeshuhudia kwa macho yake. Mwanahistoria Diogo do Couto alikuwa akirudi Ureno kutoka Goa, na chombo chake kilipopita Kisiwa cha Msumbiji alimkuta Camões pale, mkata wa kutupwa, akiishi kwa chakula cha rafiki zake. Alikuwa ameshughulika kuusahihisha utenzi wake ili uwe tayari kwa kupigwa chapa. Alikuwa pia akiandika kitabu kingine, ambacho baadaye kiliibwa kisionekane tena. Rafiki zake wakamchangia nguo, wakampa chakula, wakampakia merikebuni. Naye akafika kwao mwaka 1570.

Jambo hili halipasi kupitwa upesi. Kisiwa cha Msumbiji kilikuwa mji wa Waislamu wafanyao biashara ya bahari pamoja na ndugu zao wa Kilwa na Mombasa, kabla Wareno hawajakitia mkononi. Sehemu ya kwanza ya utenzi yahadithia fitina ambazo Camões asema zilitungwa na watu wa kisiwa hicho hicho. Mshairi basi alisahihisha utenzi wake mahali ambapo sehemu yake ilitendeka, ufuko ukiwa mbele yake. Hakuwa mtu wa kuandika habari za pwani yetu kwa kusikia tu. Aliiona, akaila njaa yake humo. Ndiyo sababu yale aliyoyaacha katika utenzi wake yanastahili kuulizwa kama yale aliyoyatia.

Utenzi ulipotoka, Mfalme Sebastião alimwekea mtunzi posho ya reis 15,000 kwa mwaka, fedha ya kumwezesha mtu kuishi lakini si ya kumwezesha kustarehe. Mwaka 1578 mfalme huyo kijana aliwaongoza Wareno vitani Moroko, akauawa huko. Camões mwenyewe alifariki tarehe 10 Juni 1580, na mwaka ule ule Ureno ikaangukia chini ya mfalme wa Hispania. Siku ya kufa kwake ndiyo sikukuu ya taifa la Ureno mpaka leo.

Sasa tuutazame utenzi. Kwa nia wakaribiana na tenzi zetu, kwa kipimo watofautiana nazo. Utenzi wa Kiswahili una mistari minne katika ubeti, kila mstari mizani minane, na mstari wa nne wa kila ubeti hurudia kina kile kile tangu mwanzo hata mwisho. Ubeti wa Camões una mistari minane, na kila mstari una mizani kumi kwa hesabu ya watu wake. Mistari sita ya kwanza hupokezana vina viwili. Kisha miwili ya mwisho hupatana kwa kina kipya, kama mlango utiwao komeo. Beti za namna hiyo ni 1,102, zimegawanywa katika sehemu kumi. Kazi ya ukubwa huo haikosi kuchosha mahali fulani. Katika sehemu ya tatu wafalme wa Ureno hufuatana mmoja nyuma ya mwingine kama watu waliopanga mstari kisimani, na msomaji anayeharakisha hapo hatalaumiwa na mimi.

Utenzi hauanzi Lisbon. Unaanza katikati ya bahari, merikebu za da Gama zikiwa zimekwisha kuipita Rasi ya Tumaini Jema, zikielekea Msumbiji. Kutoka Msumbiji zinafika Mombasa, na kutoka Mombasa zinafika Malindi. Hapo mfalme wa Malindi anamwomba nahodha amsimulie nchi yake iko wapi, watu wake ni nani, na safari yao ilikuwaje. Nahodha anajibu, na jibu lake linajaza sehemu ya tatu, ya nne na ya tano. Nimezihesabu beti zake: ni 347, karibu theluthi moja ya utenzi wote. Historia nzima ya Ureno, kama Camões alivyoiona, inasimuliwa bandarini Malindi kwa sababu Mwafrika mmoja aliuliza na akatega sikio.

Ustadi huu ni mkubwa, wala hautokani na sifa anazopewa mfalme. Sifa ni rahisi. Mfalme wa Malindi anapendeza kwa sababu amepewa kazi ambayo bila yeye utenzi usingesimama, nayo ni kazi ya msikilizaji. Waswahili tunaijua kazi hiyo. Msimulizi hasemi "Paukwa" kwa ukuta. Hungoja mtu aitike "Pakawa". Camões alilifahamu jambo hilo, akaliweka jibu hilo katika kinywa cha mtu wa Malindi.

Tukifika Mombasa mambo yanabadilika. Ili kuyafahamu, lazima kwanza nieleze desturi moja ya kitabu hiki ambayo huwashangaza wasomaji wapya. Camões alikuwa Mkristo, akaandikia Wakristo, lakini aliifuata mifano ya washairi wa Kirumi akaitia miungu ya kale katika hadithi yake. Venus, mungu wa kike wa mapenzi, anawapenda Wareno. Bacchus, mungu wa mvinyo, anawachukia, kwa kuwa ana sifa ya zamani katika Bara Hindi naye anaogopa kwamba wageni hawa wataizima. Bacchus basi anajigeuza sura ya Mwislamu na kuwatia watu chuki juu ya Wareno. Huko Mombasa anajigeuza kasisi, anaweka madhabahu ya uongo, na kuwadanganya Wareno wawili waliotumwa pwani kuupeleleza mji. Wale wawili wanarudi wakisema kwamba mji ni salama. Merikebu zinataka kuingia bandarini, ambako mtego umekwisha kutegwa. Venus anawaita binti za bahari, nao wanaisukuma merikebu ya da Gama kwa vifua vyao isiingie. Marubani waliochukuliwa Msumbiji wanafikiri kwamba hila yao imegunduliwa, wanajitupa baharini. Usiku Mercury, tarishi wa miungu, anamtokea nahodha ndotoni na kumwambia akimbie, aende Malindi.

Kwa macho ya mchoraji, habari hiyo ni nzuri mno. Binti za bahari wakiisukuma merikebu, povu likiruka, mabaharia wakipiga kelele bila kujua ni nini kinachowazuia: picha ya namna hiyo haisahauliki. Lakini sasa nitaweka kando yake maandishi mengine. Safari ile ya kwanza ilikuwa na daftari yake, iliyoandikwa na mtu mmoja aliyekuwamo merikebuni. Daftari hiyo nayo yataja marubani waliojitupa majini nje ya bandari ya Mombasa. Kisha yaeleza yaliyofuata usiku ule. Nahodha aliamuru watu wawili waliochukuliwa Msumbiji wahojiwe, na namna ya kuwahoji ilikuwa kuwadondoshea mafuta yanayochemka juu ya ngozi zao mpaka waseme. Walisema. Walisema kwamba watu wa Mombasa wamekusudia kuwakamata Wareno watakapoingia bandarini, ili kulipiza kisasi kwa mambo waliyoyatenda Msumbiji. Maana kule Msumbiji Wareno walikuwa wameupiga mji kwa mizinga. Wale wawili walipotaka kuteswa mara ya pili, mmoja alijitupa baharini hali mikono yake imefungwa. Na wa pili alifanya vivyo hivyo kabla ya mapambazuko.

Linganisheni maandishi haya mawili. Katika yote mawili upo mtego Mombasa, na katika yote mawili nahodha anapata habari za mtego usiku. Lakini katika utenzi habari inaletwa na malaika wa Kirumi mwenye kofia ya mabawa. Katika daftari inaletwa na mafuta ya moto. Katika utenzi sababu kubwa ya mtego ni wivu wa mungu wa mvinyo. Katika daftari sababu ni mizinga ya Msumbiji. Camões ameyaondoa mafuta, na mbele ya yote amemweka Bacchus. Na kwa kufanya hivyo amewaacha watu wa Mombasa na uovu usio na sababu ya kutosha.

Wako watakaosema kwamba haya ni mashtaka ya historia, na kwamba mshairi hakula kiapo cha kusema kweli kama shahidi mahakamani. Nakubali. Kwa hiyo nataka kuonyesha kwamba hasara iliyopatikana hapa ni hasara ya ushairi. Tazameni adui wengine wawili ndani ya utenzi huo huo.

Wa kwanza ni mzee wa Restelo. Mwishoni mwa sehemu ya nne merikebu zinang'oa nanga Lisbon, kina mama na wake za mabaharia wanalia ufukweni, na mara mzee mmoja anapaza sauti kutoka katikati ya watu. Anailaani safari yote. Ailaani tamaa, ailaani kiu ya sifa. Awauliza wanaoondoka kwa nini wanamwacha adui mlangoni pao wakaenda kumtafuta mwingine mbali, na nchi inabaki bila watu. Mzee huyu anaupinga utenzi mzima ambamo amewekwa, na hakuna anayemjibu. Merikebu zinaondoka tu. Mtunzi aliyeweza kumpa mpinzani wake maneno mazito kiasi hicho, tena asimjibu, alikuwa na moyo mpana.

Wa pili ni Adamastor. Hili ni jitu linalowazukia Wareno usiku penye rasi ya kusini ya Afrika, lenye ndevu chafu na meno ya manjano, na kwa kweli ni rasi yenyewe iliyopata mwili. Lawakaripia kwa kuingia bahari zisizo zao, na lawatabiria merikebu zitakazozama. Nahodha, badala ya kukimbia, analiuliza ni nani. Swali moja tu. Na jitu lile, ambalo sauti yake ilikuwa kama ngurumo, linaanza kusimulia huzuni yake: jinsi lilivyompenda binti wa bahari, likadanganywa, likageuka jiwe. Mwisho laondoka likilia. Wahakiki wengi wamesema kwamba hapa ndipo kilele cha utenzi, nami sina ubishi nao.

Basi mzee anayeitukana safari amepewa hoja, na jiwe la rasi limepewa machozi. Watu wa Mombasa wamepewa nini? Mfalme wao anatuma wajumbe, na wajumbe wanasema. Lakini maneno yao yote ni asali ya kuficha sumu, na nyuma ya sumu hakuna kitu isipokuwa mkono wa Bacchus. Hakuna Mreno anayewauliza walivyoliulizwa lile jitu. Hawaogopi, hawana wafu wa kuwalilia. Kwa hiyo ubeti ni mzuri juu juu, na chini yake pana uwazi. Miungu hufanya kazi zote, watu husogezwa kama kete za bao. Mtu akisoma sehemu ya pili baada ya kusoma ya tano, atahisi tofauti hata kama hajapata kuiona Mombasa wala hana babu aliyezaliwa huko.

Tusijifanye kwamba kosa hili ni la Wareno peke yao. Utenzi wa Tambuka, uliotungwa Pate na Bwana Mwengo na ambao nakala yake yajulikana tangu mwaka 1728, wahadithia vita vya Waislamu na Herekali mfalme wa Rumi. Nao una upande wake, na msomaji hujua tangu mwanzo ushindi utakuwa wa nani. Utenzi wa vita huwa na upande, na atakaye mizani iliyo sawa sawa aende kwa kadhi. Sikumlaumu Camões kwa kuwa upande wa Wareno. Namlaumu kwa sababu alikuwa na kipawa cha kumfanya adui awe mtu, akakitumia kwa jiwe, asikitumie kwa watu.

Na katika sehemu ya kumi anatudhihirishia kwamba alijua zaidi ya alivyosema. Hapo binti wa bahari anaimba mambo yatakayotokea baada ya safari ya da Gama, na miongoni mwake ni kuteketezwa kwa Kilwa na Mombasa. Ni kweli: mwaka 1505 Francisco de Almeida aliipiga Mombasa, akaitia moto na kuiteka nyara. Camões anakiri kwamba mji ulikuwa umepambwa kwa majumba ya fahari. Kisha asema kwamba ulichomwa uwe malipo ya maovu yake. Lakini maovu yapi? Ni yale ya sehemu ya pili, yale ambayo Bacchus aliyatenda. Mungu wa mvinyo alifanya hila, na majumba ya Mombasa yakalipa deni. Sijui kama kuna mahali pengine katika ushairi mkubwa wa Ulaya ambapo pambo la hadithi limegharimu watu halisi kiasi hicho.

Hayo ndiyo niliyopaswa kumwambia mwanafunzi wangu. Lakini jibu halijatimia, kwa kuwa lugha ya Camões haikubaki kwa Camões. Wareno waliijenga Ngome ya Yesu mjini Mombasa kuanzia mwaka 1593, wakafukuzwa humo na Waomani mwaka 1698. Msumbiji walikaa hata tarehe 25 Juni 1975. Katika miaka yao ya mwisho huko walizaliwa washairi Waafrika ambao Kireno kilikuwa mikononi mwao kama kisu kilichosahauliwa mezani na mgeni.

Mmoja wao, Noémia de Sousa, alizaliwa mwaka 1926, akatunga mashairi yake maarufu kati ya 1948 na 1951, akiwa kijana wa umri mdogo sana. Mwaka 1951 aliondoka kwenda Lisbon. Mashairi yake yalipita mkono kwa mkono kwa muda wa nusu karne. Yalikusanywa kuwa kitabu Maputo mwaka 2001 tu, kwa jina la Sangue Negro, Damu Nyeusi. Mwaka uliofuata akafariki.

Wa pili nitakawia kwake zaidi. José Craveirinha alizaliwa mwaka 1922 katika mji ulioitwa Lourenço Marques, ambao sasa ni Maputo. Mama yake alikuwa Mronga, baba yake Mreno aliyehama kutoka kusini mwa Ureno. Alikuwa mwandishi wa magazeti na mpenzi mkubwa wa michezo. (Vijana wanaopenda mbio wajue kwamba ni yeye aliyemtia moyo msichana mmoja aliyekuwa akicheza mpira na wavulana aache mpira akimbie, msichana huyo, Maria Mutola, alishinda mita 800 katika michezo ya Olimpiki ya Sydney mwaka 2000.) Kitabu chake cha kwanza, Chigubo, jina la ngoma ya vita, kilitoka mwaka 1964. Mwaka uliofuata alitiwa kizuizini na polisi wa siri wa serikali ya Ureno, akakaa kifungoni miaka kadhaa. Mchoraji Malangatana alikuwa miongoni mwa wafungwa wenzake. Mashairi ya kifungo hicho aliyatoa mwaka 1980, na kitabu akakiita jina la chumba chenyewe: Cela 1.

Mwaka 1974 alitoa kitabu kiitwacho Karingana ua Karingana. Maneno hayo si ya Kireno. Ni ya lugha ya mama yake, nayo ndiyo husemwa na msimulizi wa Kironga anapotaka kuanza hadithi. Kwa maneno mengine, mshairi aliyeandika kwa lugha ya Camões aliandika juu ya jalada la kitabu "Paukwa". Ndani yake Kireno hakiendi peke yake. Kimechanganyika na majina ya vyakula, ya ngoma, ya mito na ya watu wa Msumbiji, wala hakuna ombi la radhi. Kuna shairi ambamo msemaji anaomba awe ngoma tu, si kitu kingine. Nimewasikia watu wakilisifu shairi hilo kwa ghadhabu yake. Mimi naona ghadhabu yake ni ya kawaida, na uzuri wake uko katika mapigo, ambayo hukazana kwa kurudiwa mpaka sikio lasahau kwamba maneno ni ya kigeni.

Lakini shairi la Craveirinha nilitakalo kwa hoja yangu ni jingine, lile alilomwandikia baba yake. Fikirini hali ya mtu huyo. Serikali iliyomfunga ilikuwa ya Wareno, na baba yake alikuwa Mreno. Njia iliyo rahisi ilikuwa kumfanya mzazi huyo kuwa mfano wa waliowatawala, au kumnyamazia. Yeye alimwita mzuri. Alimkumbuka kama maskini aliyeihama nchi yake, akapata mapenzi na mtoto katika nchi ya watu. Mwana hajifanyi Mreno kwa ajili ya baba. Anashika upande wa mama bila kusita. Lakini anampa baba sababu, anampa umaskini wake, safari yake na moyo wake. Mwana wa waliotekwa amemtendea Mreno lile ambalo Camões hakuwatendea watu wa Mombasa, nalo ni kumwuliza yeye ni nani na kungoja jibu.

Kwa sababu hiyo napenda washairi hawa wawili wasomwe pamoja, kwanza Camões, kisha Craveirinha. Anayemsoma wa pili peke yake hataona ni uwazi gani aliokuwa akiujaza. Na anayemsoma wa kwanza peke yake huenda akaondoka, kama mwanafunzi wangu, na tusi moyoni. Au, kama mimi siku ile, na sifa midomoni, hali amefumba jicho moja.

Serikali za Ureno na Brazili ziliweka tuzo la fasihi litolewalo kila mwaka kwa mwandishi mmoja wa Kireno aliyewashinda wengine kwa kazi ya maisha yake. Mwafrika wa kwanza kulipata alikuwa José Craveirinha, mwaka 1991, naye akiwa na umri wa miaka 69. Tuzo hilo lina jina la mtu aliyeondoka Kisiwa cha Msumbiji akiwa amevaa nguo za kuchangiwa. Laitwa Tuzo la Camões.